Chumba kimoja, gharama za nyumba nzima

Marafiki zangu wanaotaka kununua nyumba jijini huniuliza swali lilelile: ile fleti yako ya chumba kimoja uliinunua kwa bei gani? Nami huwauliza, bei ipi? Ya kwenye tangazo, niliyotia saini, niliyokuwa nimelipa hadi siku ya kukabidhiwa funguo, au nitakayokuwa nimemaliza kulipa siku benki itakapoiachia hati yangu? Hizo ni namba nne, na zimeachana mbali.

Anayetafuta nyumba ya kwanza huvutwa na chumba kimoja kwa sababu jumla yake inafikika. Hilo sina ugomvi nalo, maana hata mimi ndiko nilikoishia. Ila miaka ya kutafuta, kununua na kuishi humu imenionyesha kwamba nyumba ikipungua ukubwa, gharama hazipungui kwa kiasi hicho hicho. Anza na ujenzi wenyewe. Nyumba ya vyumba viwili ina jiko moja, bafu moja, mlango mmoja wa mbele, mita moja ya umeme. Ya chumba kimoja nayo ina jiko moja, bafu moja, mlango mmoja, mita moja. Kilichoondolewa ni kuta nne na dirisha, yaani sehemu rahisi kuliko zote kujenga. Pesa nyingi za mjenzi zimezama kwenye mabomba, vigae, nyaya na kuzuia maji yasipenye sakafuni, na hivyo vyote vimebaki. Ndiyo maana ukigawa bei kwa mita za mraba, mara nyingi nyumba ndogo ndiyo ghali zaidi.

Soko nalo linaongeza chake. Hizi nyumba ndogo zinagombewa na anayeishi peke yake, wanandoa wapya, mzazi anayemnunulia mtoto aliyeko chuoni, na mwekezaji ambaye hatalala humo hata usiku mmoja. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa akinitoa jasho. Mimi nilikuwa nasubiri barua ya benki, yeye alikuja na fedha mkononi na muuzaji hakuona sababu ya kunisubiri.

Nikaanza kwenda kuangalia nyumba nikiwa na futi ya kupimia ya fundi. Dalali mmoja alicheka. "Dada, unapima kama unataka kutandika zulia." Nikamwambia ndiyo, nataka kujua zulia la ukubwa gani litaenea. Tangazo lake lilisema mita za mraba 48. Nje kwa nje, jengo likigawanywa kwenye karatasi, fleti ile ilikuwa mita 6 kwa 8, kwa hiyo alikuwa hadanganyi. Lakini mimi siishi ndani ya ukuta. Kuta zikiwa na unene wa sentimita 20 kila upande, ndani zinabaki mita 5.6 kwa 7.6, sawa na mita za mraba 42.56. Zaidi ya asilimia 11 ya nilichokuwa naombwa kulipia ilikuwa tofali na plasta. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa fleti ya mita 12 kwa 8: zinapotea asilimia 8 hivi. Mdogo anapoteza zaidi, tena. Na hapo bado hujatoa kuta za kutenganisha chumba na sebule, wala baraza, ambalo matangazo mengine hulijumlisha kimyakimya, wala sehemu ya korido ya jengo ambayo wauzaji wengine hukugawia kwenye karatasi ingawa huwezi kuweka hata kiti hapo. Kwa hiyo kila dalali nilimuuliza swali moja kabla ya kupanda teksi: hizo mita ni za ndani au za nje? Aliyesita, sikwenda.

Upande wa ada nitapita haraka, kwa kuwa kila nchi ina zake, ila majina yake hayatofautiani sana: kianzio, ushuru wa stempu, wakili, mthamini, usajili wa hati, ada ya benki ya kushughulikia mkopo, bima ya maisha ya mkopaji, bima ya moto. Mambo mawili tu. Kwanza, benki hutoa mkopo kwa kuangalia thamani aliyoandika mthamini. Mkikubaliana bei na muuzaji, kisha mthamini akaja na thamani ya chini, ile tofauti inatoka mfukoni mwako juu ya kianzio ulichokwisha kuandaa. Mimi niliandaa fungu kwa ajili hiyo, na lilihitajika. Pili, baadhi ya ada hizi ni asilimia ya bei na nyingine ni kiasi kisichobadilika. Zile za asilimia zinakwenda na ukubwa wa nyumba, lakini mthamini anapanda ngazi zilezile na msajili anapiga muhuri uleule. Wakili wangu, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa akiniita mwanangu, nilipomwomba anipunguzie kwa kuwa nyumba yenyewe ni ndogo, alinionyesha rundo la karatasi mezani. "Mwanangu, hati ya chumba kimoja ina kurasa sawa na ya vyumba vitano." Akanipunguzia kidogo, kwa huruma.

Sasa mkopo, na hapa ningependa mtu akae chini na kalamu.

Chukua mkopo wa 1,000,000 ya fedha yoyote unayotumia, riba ya asilimia 12 kwa mwaka, miaka 20. Marejesho ya kila mwezi ni kama 11,011. Afisa wa benki atakutajia namba hiyo na kunyamaza, kwa sababu inaonekana nzuri ukiilinganisha na kodi ya pango. Zidisha kwa miezi 240: utakuwa umelipa takriban 2,642,600. Nyumba moja umeinunua mara mbili na nusu na ushee.

Lakini kilichonikosesha usingizi kilikuwa mpangilio wa malipo, kuliko jumla. Mwezi wa kwanza, riba peke yake ni 10,000. Katika 11,011 unazotoa, zinazopunguza deni ni 1,011. Hakuna anayekuibia, ndivyo hesabu inavyokwenda: riba inatozwa kwenye deni lililobaki, na mwanzoni deni lote limebaki. Ukilipa bila kukosa kwa miaka mitano, utakuwa umetoa kama 660,650, na bado utadaiwa kama 917,400. Soma tena namba hiyo. Miaka mitano ya uaminifu, na deni limepungua kwa 82,600 tu.

Kwa mwenye nyumba ya familia, atakayekaa miaka 20, hilo linavumilika, kwani miaka ya mwishoni deni huporomoka kwa kasi. Kwa mwenye chumba kimoja ni jambo jingine. Ni wangapi wanaokaa kwenye chumba kimoja miaka 20? Watu huoa, huolewa, huzaa, mzazi huugua akahitaji kuletwa jijini, kazi huhama. Wengi huondoka katika ile miaka ambayo mkopo haujaanza kupungua. Kwa hiyo wanauza nyumba ambayo karibu yote bado ni ya benki, na wakiwa na bahati bei imepanda ikawafidia. Bei isipopanda, wanatoka walivyoingia, wakiwa wamelipa riba mahali pa kodi.

Hapa ndipo nilipotafuta namna nyingine ya kulinganisha kununua na kupanga, maana ile ya "kodi ni pesa ya kutupa, marejesho ni pesa yako" niliiona haina ukweli kamili. Katika marejesho, iliyo yangu ni ile inayopunguza deni tu. Riba inapotea kama kodi inavyopotea. Ada ya huduma ya jengo inapotea. Bima inapotea. Ukarabati unapotea. Na gharama za kuingia na kutoka zinapotea pia, ila zinategemea utakaa muda gani. Tuseme kununua na baadaye kuuza kutakula jumla ya asilimia 10 ya bei. Ukikaa miaka minne, hiyo ni asilimia 2.5 ya bei kila mwaka. Ukikaa kumi, ni asilimia 1. Nilijumlisha vyote vinavyopotea kwa mwaka, nikaongeza faida ambayo kianzio changu kingenipa kama ningekiacha kwenye akiba, kisha nikaweka pembeni kodi ya mwaka ya fleti kama hiyo hiyo katika mtaa huo huo. Kwa nyumba nyingi nilizoangalia, kodi ilikuwa nafuu. Kwa chache, hasa kwenye majengo ya zamani kidogo yasiyo na bwawa la kuogelea wala jimu, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba utulivu wa kutohamishwa ulitosha kuifidia. Huko ndiko nilikohamishia macho.

Dada yangu, ambaye ni mhasibu, aliongeza swali ambalo sikuwa nimelipa uzito: ukiweza kubana kidogo, kwa nini miaka 20? Mkopo uleule kwa miaka 15 una marejesho ya kama 12,002 kwa mwezi. Ni kama 991 zaidi. Jumla yake lakini inashuka hadi takriban 2,160,300, yaani unaokoa zaidi ya 482,000. Nilifikiria sana. Mwishowe nilichukua miaka 20 na kuhakikisha mkataba unaniruhusu kulipa ziada bila faini, ili mwezi mbaya usinikabe koo. Si mikataba yote inaruhusu. Kipengele hicho kilikuwa ukurasa wa katikati, kwa herufi za kawaida kabisa, na afisa alishangaa nilipokiulizia kana kwamba nimeuliza rangi ya rungu la mlinzi.

Riba inayobadilika nayo ina habari yake. Barua ilikuja nikiwa nimekwisha kuzoea marejesho yangu. Riba ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 14 kwenye ule mfano wetu wa miaka 20, marejesho yanatoka 11,011 hadi kama 12,435. Pointi mbili kwenye karatasi, ongezeko la karibu asilimia 13 mfukoni. Kabla ya kusaini nilikuwa nimepiga hesabu ya mshahara wangu kwa riba ya juu kuliko niliyopewa, na nyumba mbili nilizozipenda nilizikataa kwa sababu hiyo. Moja yao ilikuwa na dirisha kubwa la upande wa mashariki ambalo hadi leo nalikumbuka.

Nyumba za kununua kwenye ramani, kabla hazijajengwa, nilizitazama nikaziacha. Bei yake ni ya chini na malipo yanagawanywa, nimekubali. Lakini wakati wote huo unalipa awamu za nyumba usiyoishi pamoja na kodi ya unayoishi, na ujenzi ukichelewa kodi haikusubiri. Mwenye pa kulala bure anaweza kuzifikiria.

Kilichobaki ndicho ninachoona hakizungumzwi vya kutosha: jengo lenyewe. Ukinunua fleti unapata chumba, na pamoja nacho unapata hisa katika paa, lifti, tangi, pampu, jenereta, nguzo na ugomvi wa watu usiowachagua. Kabla ya kutoa senti niliomba vitu vitatu kutoka kwa kamati ya wamiliki: hesabu za mwaka uliopita, salio la mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa, na kumbukumbu za mikutano. Jengo moja walinijibu kwamba kumbukumbu ni siri za ndani. Sawa, nikaondoka na siri zangu. Jengo jingine walinipa zote, na kwenye kila mkutano ajenda ya kwanza ilikuwa uvujaji wa paa, ya pili wadaiwa sugu, na mwisho mkutano uliahirishwa. Ada yao ya mwezi ilikuwa ya chini kuliko zote nilizoziona. Dalali aliitaja kama sifa.

Ada ya chini ni deni linalosubiri tarehe. Mfano ulio wazi, na mchungu, ni wa Champlain Towers South, jengo la fleti lililojengwa mwaka 1981 mjini Surfside, Florida, Marekani. Mwaka 2018 mhandisi alitoa ripoti iliyoonyesha kuharibika kwa zege. Wamiliki walivutana juu ya gharama, na mwaka 2021 walipangiwa mchango wa takriban dola milioni 15 kwa jumla. Mwenye chumba kimoja cha kulala alitakiwa kutoa zaidi ya dola 80,000. Juni mwaka huo huo, kabla ya matengenezo makubwa kufanyika, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka usiku na watu 98 wakafa. Maafa ya namna ile ni adimu mno. Mabishano yaliyoyatangulia si adimu: kila jengo lenye wamiliki wengi lina mtu anayesema tusubiri mwaka ujao.

Na hapo pia chumba kimoja kina jambo lake. Uliza gharama za pamoja zinagawanywaje. Kuna majengo yanayogawa kwa ukubwa wa fleti, na hapo mwenye chumba kimoja analipa kidogo kuliko mwenye vitatu. Kuna yanayogawa kwa idadi ya milango, kila mlango sawa, na hapo mimi ninayeoga peke yangu nalipia maji ya bustani na mshahara wa mlinzi sawasawa na familia ya watu saba. Jengo letu limechanganya: usafi na rangi vinakwenda kwa mita, ulinzi na lifti kwa mlango. Nilijua kabla ya kusaini, niliitia kwenye hesabu, na bado kila nikipokea ankara najikuta nahesabu watoto wa jirani wanaopanda na kushuka na lifti kwa kucheza tu.

Mlinzi wa getini ndiye aliyenipa taarifa bora kuliko wote. Nilimsalimia, tukazungumza habari za zamu na mvua, kisha nikamuuliza ni fleti ngapi wenyewe wanaishi humo. Alizitaja kwa namba, ghorofa kwa ghorofa. Karibu nusu wanaishi wenyewe. Nilifurahi, kwani jengo la wapangaji watupu lina wamiliki walio mbali, wasiohudhuria vikao na wanaopinga kila ongezeko la ada. Akaniambia pia kwamba maji hukatika ghorofa za juu kila pampu ikipumzika, jambo ambalo halikuwa kwenye tangazo lolote. Nikanunua ghorofa ya tatu.

Uliza na miaka ya umiliki. Katika nchi nyingi unachonunua ni upangaji wa muda mrefu wa ardhi, na miaka inahesabika. Singapore, kwa mfano, fleti za mamlaka ya nyumba ya serikali huuzwa kwa umiliki wa miaka 99. Miaka ikiwa imebaki michache, benki husita kumkopesha atakayenunua kwako, na bei inashuka hata kama rangi ni mpya. Wakili wangu aliikagua kabla hata hajaketi.

Baada ya kuhamia zilikuja gharama ndogondogo ambazo kwa pamoja si ndogo: makabati, mapazia, kufuli mpya, fundi bomba, nafasi ya gari ambayo iliuzwa kando na ambayo sikuichukua. Mama anapokuja kunitembelea namwachia chumba, mimi nalala sebuleni kwenye kochi linalokunjuliwa, ambalo lilinigharimu kuliko kitanda. Ameniuliza mara moja tu kwa nini sikununua cha vyumba viwili. Nilimwonyesha karatasi ya marejesho, akaikunja vizuri na kunirudishia, akaanza kuuliza habari za jirani.

Kwa sasa nalipa ziada kidogo kila ninapoweza, na kila ziada naiandikia benki barua kwamba ipunguze deni, isihesabiwe kama malipo ya mwezi ujao. Mara ya kwanza walifanya kinyume, nikaenda na nakala ya mkataba wakarekebisha. Mwezi ujao wamiliki tunakutana kuhusu lifti. Fundi anasema mota imechoka na inahitaji kubadilishwa. Mfuko wa akiba unatosha kulipia zaidi ya nusu. Iliyobaki itachangwa, na mimi nakwenda kupendekeza kwamba safari hii tugawane kwa mita. Mwenye fleti ya vyumba vitatu juu yangu ameshanipigia simu kuniambia atapinga.